Kukwama kwa Waipa ya Kioo cha Nyuma katika Magari ya Stesheni Wagoni: Chanzo, Utambuzi na Ukarabati

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tatizo la kukwama kwa waipa ya kioo cha nyuma katika magari ya stesheni wagoni. Hoja kuu ni kwamba kauli "mota imekufa", ambayo aghalabu hutolewa gerejini pindi waipa inapoacha kufanya kazi, hujumuisha hali tatu zilizo tofauti: mota isiyofikiwa na umeme, mota nzima iliyozuiwa na shafti iliyoganda, na mota iliyoungua. Hali hizi hazina tiba moja, na mara nyingi ya tatu huzaliwa na ya pili. Makala yanaeleza muundo wa mtambo huo, sababu za kimekanika na kikemikali zinazoukwamisha, utaratibu wa kutofautisha hali hizo tatu, na hatua za kuikarabati shafti iliyoganda. Inahitimishwa kuwa utambuzi unaofuata mpangilio huokoa gharama ya spea isiyohitajika na huzuia hatari ya moto inayotokana na kuongeza ukubwa wa fyuzi.

Maneno Msingi: waipa, stesheni wagoni, shafti, ulikaji, mota, utambuzi wa hitilafu

1.0 Utangulizi

Stesheni wagoni ni gari dogo ambalo paa lake limeendelezwa hadi nyuma kabisa, na sehemu yake ya mizigo hufunguliwa kwa mlango unaoinuka pamoja na kioo. Katika Afrika Mashariki, mifano inayofahamika zaidi ni Toyota Corolla Fielder, iliyoanza kuuzwa nchini Japani mwaka 2000, na Toyota Probox, iliyofuata mwaka 2002. Magari haya hubeba abiria, mboga, magazeti, vifaa vya ujenzi na bidhaa za dukani. Kwa kuwa mzigo huweza kufika hadi darini na kuziba kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, huwapo wakati dereva hutegemea vioo vya pembeni peke yake. Mzigo unaposhushwa, kioo cha nyuma hurejea kuwa njia yake kuu ya kuona watoto, waendesha pikipiki na watembea kwa miguu anaporudi nyuma. Iwapo kioo hicho kimefunikwa na tope na waipa haisogei, njia hiyo imefungwa.

Uhitaji wa waipa ya nyuma unatokana na umbo la gari lenyewe. Gari linapokwenda, hewa inayopita juu ya paa la stesheni wagoni huachana na mwili wa gari kwenye ukingo wa nyuma wa paa. Nyuma ya mlango hubaki eneo lenye kani ndogo ya hewa, na hewa ya eneo hilo huzunguka na kuvuta juu vumbi, matone na tope linalorushwa na magurudumu. Uchafu huo hutua kwenye kioo. Katika gari la saluni, kioo cha nyuma kimelala na buti limejitokeza nyuma yake, hivyo hewa hukipitia kioo kwa karibu zaidi na uchafu unaotua huwa mchache. Ndiyo maana saluni nyingi hazina waipa ya nyuma, ilhali stesheni wagoni nyingi zinayo.

Pamoja na umuhimu huo, waipa ya nyuma hupewa uangalizi mdogo. Waipa za mbele zikiharibika wakati wa mvua, safari hukoma. Ya nyuma ikiharibika, safari huendelea na tatizo huahirishwa. Kuahirisha huko kuna gharama yake, kwa sababu hitilafu iliyoanza kama ugumu mdogo wa shafti huweza kuishia katika kuungua kwa mota nzima. Makala haya yanalenga kuonyesha jinsi mabadiliko hayo yanavyotokea na jinsi yanavyoweza kukatizwa.

2.0 Muundo na Utendaji wa Waipa ya Nyuma

2.1 Mota na Gia

Mota ya waipa ya nyuma imefungwa upande wa ndani wa mlango wa nyuma, chini ya kioo, na imefichwa na paneli ya plastiki. Ni mota ndogo ya umeme wa mkondo mmoja wa volti 12, yenye sumaku za kudumu, kaboni za kupitishia umeme na koili inayozunguka. Mzunguko wake ni wa kasi kubwa lakini wenye nguvu ndogo, kwa hiyo hupunguzwa kasi na kuongezwa nguvu kwa gia ya parafujo: uzi uliochongwa kwenye shina la mota hushikana na meno ya gurudumu, ambalo katika mota nyingi ni la plastiki. Kijiti kilichofungwa pembeni mwa gurudumu hilo huugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi, na mwendo huo ndio unaofikishwa kwenye shafti ya waipa.

Gia ya parafujo ina sifa moja inayohusika moja kwa moja na utambuzi wa hitilafu. Mota huweza kulisukuma gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuisukuma mota. Kwa sababu hiyo, mkono wa waipa hausogei unapojaribiwa kugeuzwa kwa mkono wa mtu hata kama mtambo wote ni mzima. Anayejaribu kuuzungusha na kuukuta mgumu hajathibitisha lolote, na akitumia nguvu zaidi huweza kuvunja meno ya plastiki ambayo hayakuwa na kasoro.

2.2 Shafti na Ganda Lake

Shafti ni kijiti cha chuma kinachopita ndani ya bomba fupi lililo sehemu ya ganda la mota. Ganda hilo kwa kawaida ni la aloi ya alumini iliyomiminwa katika kalibu. Katika baadhi ya mota shafti huzunguka ndani ya bushi, na katika nyingine huzunguka moja kwa moja ndani ya alumini. Ncha ya nje hupenya kwenye kioo au kwenye bati la mlango kupitia mpira wa kuzuia maji, kisha hushikwa na mkono wa waipa kwa meno madogo na nati iliyofunikwa kwa kifuniko cha plastiki. Nafasi iliyopo kati ya shafti na ganda ni ndogo sana. Imejazwa grisi, na ukingo wake wa nje huzibwa na oringi ili maji yasipenye.

2.3 Swichi ya Kupumzishia

Waipa inapozimwa haisimami popote ilipo, bali huendelea hadi mahali pake pa kupumzikia. Kazi hiyo hufanywa na swichi ndogo iliyomo ndani ya ganda la mota, ambayo huendelea kuipatia mota umeme mpaka gurudumu lifike sehemu maalumu. Ndiyo sababu katika mifumo mingi mota huwa na waya zaidi ya mbili: mmoja wa ethi, mmoja unaopata umeme dereva anapowasha waipa, na mwingine wenye umeme wa kukamilisha mzunguko wa mwisho. Waipa inayofanya kazi vizuri lakini husimama katikati ya kioo inapozimwa huelekeza kwenye swichi hii au waya wake, si kwenye shafti.

3.0 Sababu za Kukwama

3.1 Ulikaji kati ya Chuma na Alumini

Sababu ya kwanza ni ulikaji, yaani kuliwa kwa metali kutokana na mmenyuko wa kikemikali. Chuma na alumini zikigusana mahali penye maji ya chumvi, huunda kitu kinachofanana na betri ndogo. Alumini ndiyo inayotoa elektroni na kuliwa, na hugeuka kuwa unga mweupe wa oksidi na hidroksidi. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa; oksidi ya alumini pekee huwa na ujazo wa takribani mara 1.28 ya alumini iliyotumika kuifanya. Katika nafasi nyembamba ya shafti, ongezeko hilo halina pa kwenda. Linaibana shafti kutoka pande zote hadi isiweze kuzunguka.

Chumvi inayohitajika hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hewa ya bahari katika miji kama Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar. Njia ya pili ni historia ya gari lenyewe. Magari mengi yaliyotumika huingia Afrika Mashariki kutoka Japani, na mengine kutoka Uingereza, nchi ambazo nazo huendesha upande wa kushoto wa barabara. Katika maeneo ya Japani yenye theluji, na nchini Uingereza, barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isishike. Tope la chumvi huvutwa hadi kwenye kioo cha nyuma kwa njia iliyoelezwa katika sehemu ya 1.0. Kwa hiyo gari linaweza kufika Nairobi au Arusha, mbali na bahari, likiwa na ulikaji uliokwisha kuanza.

Majira nayo huchangia. Katika miezi ya kiangazi waipa ya nyuma huweza kukaa muda mrefu bila kutumiwa. Grisi hukauka, vumbi huingia chini ya mpira uliopasuka, na shafti hubaki mahali pamoja huku unga wa ulikaji ukiizunguka. Mvua za masika au za vuli zinapoanza, dereva huwasha waipa kwa mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa na kuikuta haiendi. Kwake hitilafu imetokea siku hiyo, ilhali imejengeka kwa msimu mzima.

3.2 Maji Yanayopenya Ndani

Katika magari kadhaa, hasa ya Ulaya na yakiwemo baadhi ya magari ya Volkswagen, maji ya kuoshea kioo cha nyuma hupita katikati ya shafti yenyewe na kutokea kwenye ncha yake. Mpangilio huu huficha bomba, lakini kiungio chake kikichakaa au tundu la kutolea maji likiziba, maji hurudi ndani ya ganda la mota. Hapo huosha grisi, hulisha ulikaji na kufika hadi kwenye kaboni na swichi ya kupumzishia. Dalili yake ni alama za maji kwenye upande wa ndani wa paneli, au maji ya kuoshea kupungua ingawa hayafiki kwenye kioo. Katika hali hii, kuilegeza shafti bila kuziba mvujo ni kuahirisha tatizo.

3.3 Kukatika kwa Waya kwenye Bawaba

Waya zinazoelekea kwenye mlango wa nyuma hupita ndani ya mpira uliokunjamana karibu na bawaba. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, waya hizo hupinda. Baada ya miaka ya kupakia na kupakua mizigo, shaba ya ndani hukatika, na wakati mwingine plastiki ya nje hubaki nzima na kuficha mkato. Dalili inayotofautisha hitilafu hii ni kuathirika kwa vifaa vingine vya mlangoni, kama taa ya namba ya gari, kufuli la umeme au kipasha joto cha kioo. Dalili nyingine ni waipa kufanya kazi mlango unapokuwa katika pembe fulani na kusita katika pembe nyingine.

3.4 Kuungua kwa Mota kama Matokeo

Mota inayozunguka huzalisha ndani yake volti inayopingana na ile ya betri, na upinzani huo ndio unaopunguza mkondo wa umeme. Mota iliyozuiwa isizunguke haina volti hiyo pinzani, hivyo mkondo hubaki kuzuiwa na ukinzani wa koili na waya pekee. Kwa mfano wa hesabu, ikiwa ukinzani huo ni omu 1, volti 12 zitasukuma ampea 12, na wati 144 zitageuka kuwa joto ndani ya kasha linalotosha kiganjani. Baadhi ya mota zina kinga ya ndani inayokata umeme zinapopata joto, na baadaye huurudisha. Nyingine hutegemea fyuzi peke yake.

Hapa ndipo hitilafu ya kimekanika hugeuka kuwa ya umeme. Dereva anayeiacha swichi ikiwa imewashwa kwa matumaini kwamba waipa "itaamka" huichoma koili. Hatari huongezeka zaidi pale fyuzi iliyokatika inapobadilishwa kwa yenye ampea nyingi zaidi, au kwa kipande cha waya. Fyuzi imechaguliwa ili ikatike kabla waya hazijayeyuka. Ikiondolewa, sehemu itakayofuata kukatika ni waya zenyewe, na waya hizo zimepita ndani ya dari na nguzo za gari, karibu na vitambaa na sponji.

4.0 Utaratibu wa Utambuzi

Utambuzi unapaswa kuanzia kwenye majaribio yasiyohitaji kufungua kitu na kuendelea kwenye yale yanayohitaji kazi zaidi. Kabla ya jaribio lolote, mambo mawili yahakikishwe. Kwanza, katika magari mengi waipa ya nyuma huzuiwa kufanya kazi mlango au kioo cha nyuma kinapokuwa wazi, kwa hiyo fundi anayefungua mlango ili asikilize mota huweza kujidanganya kuwa mota ni mbovu. Katika hali hiyo, kufuli la mlango hufungwa kwa bisibisi mlango ukiwa juu, kisha hufunguliwa tena kabla ya kuuteremsha. Pili, kila jaribio liwe la sekunde chache, ili mota isipate joto kwa sababu zilizoelezwa katika sehemu ya 3.4.

Jaribio la kwanza ni la sikio. Waipa ikiwashwa katika utulivu, mlio wa chini usioambatana na mwendo humaanisha kuwa umeme unafika na mota inajitahidi. Ukimya huacha uwezekano mbili: umeme haufiki, au mota imeungua. Jaribio la pili ni la fyuzi, ambayo huangaliwa na kupimwa. Jaribio la tatu hufanywa baada ya kuondoa paneli ya plastiki: mita ya umeme huwekwa kwenye plagi ya mota ikiwa bado imeunganishwa na waipa imewashwa. Kupima plagi iliyochomolewa hakutoshi, kwani waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu za shaba huonyesha volti 12 usipobeba mzigo, lakini volti hiyo huanguka mara mota inapodai mkondo. Ethi ijaribiwe kwa njia hiyo hiyo, kwa kupima kati ya waya wa ethi na hasi ya betri. Volti yoyote kubwa inayoonekana hapo ni dalili ya ethi mbovu.

Jedwali 1 linafupisha tafsiri ya matokeo.

Jedwali 1: Dalili na Tafsiri Yake

| Dalili | Tafsiri | Hatua inayofuata |
|---|---|---|
| Mlio upo, mkono hausogei | Shafti imeganda au gia imekwama | Kutoa mkono na kufungua mota |
| Mlio wa kuzunguka upo, mkono hausogei | Meno ya gia au ya mkono yamelika | Kukagua nati, meno na gurudumu |
| Kimya, volti haifiki | Fyuzi, swichi au waya wa bawaba | Kufuatilia waya kutoka mlangoni |
| Kimya, volti kamili inafika | Kaboni zimeisha au koili imeungua | Kufungua mota na kupima koili |
| Inakwenda lakini haipumziki mahali pake | Swichi ya kupumzishia | Kusafisha sahani ya swichi |

Safu ya pili ya jedwali inastahili kuangaliwa mapema, kwa kuwa tiba yake huweza kuwa rahisi kuliko zote. Nati iliyolegea huacha shafti izunguke ndani ya mkono usiosogea. Ikiwa meno ya mkono hayajalika, kukaza nati kunamaliza tatizo.

5.0 Ukarabati wa Shafti Iliyoganda

5.1 Kutoa Mkono na Mota

Mahali mkono unapopumzikia huwekewa alama kwa utepe kwenye kioo. Kifuniko cha plastiki huondolewa na nati kufunguliwa. Mkono wenyewe mara nyingi huwa umeng'ang'ania kwenye meno ya shafti kwa sababu ile ile ya ulikaji. Hutiwa mafuta ya kupenya na kuachwa kwa muda, kisha huvutwa kwa kivutio kidogo cha miguu miwili. Kuutengua kwa bisibisi iliyoegemezwa kwenye kioo hakufai, kwa sababu kioo cha nyuma kimetengenezwa kwa namna ambayo kikivunjika husambaratika chote kwa mara moja. Baada ya mkono kutoka, plagi huchomolewa, bolti za mabano hufunguliwa, na mota hutolewa ndani pamoja na mpira wake.

5.2 Kutenganisha Shafti na Gia

Kifuniko cha kasha la gia hufunguliwa. Katika baadhi ya mota kimeshikwa na skrubu, na katika nyingine kwa ribiti ambazo hutobolewa na baadaye kubadilishwa kwa skrubu ndogo. Kabla ya kuondoa chochote, nafasi ya gurudumu na kijiti huwekewa alama au hupigwa picha, kwani vikirudishwa kinyume waipa itafagia upande usio wake. Kijiti kikishatenganishwa na shafti, jaribio la mkono sasa lina maana: shafti huzungushwa yenyewe, bila gia ya parafujo kuizuia. Ikiwa nzima itateleza. Ikiwa imeganda haitasogea au itakwaruza. Mota nayo huunganishwa kwa muda mfupi na betri kupitia waya wenye fyuzi. Ikizunguka kwa uhuru, imethibitika kuwa haikufa.

5.3 Kutoa, Kusafisha na Kurudisha

Oringi na kipete cha kufungia huondolewa kwenye ncha ya nje ya shafti. Nati hurudishwa hadi ilingane na ncha ya uzi ili kuulinda, kisha shafti hugongwa taratibu kuelekea ndani kwa nyundo ya plastiki au kwa kipande cha mbao, ganda likiwa limeegemezwa imara. Isipotoka, ganda hupashwa joto kwa hewa ya moto baada ya sehemu za plastiki kuondolewa. Joto husaidia kwa sababu alumini hutanuka takribani mara mbili ya chuma. Katika shafti yenye kipenyo cha milimita 9, ongezeko la nyuzi 80 za Selsiasi huongeza nafasi kwa takribani milimita 0.008. Kipimo hicho ni kidogo, lakini hutosha kuupasua unga uliogandamana. Moto wa wazi hautumiwi, kwani huyeyusha waya na kuchoma mipira.

Shafti iliyotoka husuguliwa kwa msasa laini hadi ing'ae. Ndani ya ganda husafishwa kwa msasa uliozungushiwa kijiti, kwa uangalifu wa kuondoa unga mweupe bila kupanua tundu. Lengo ni kurejesha nafasi ya awali, kwa sababu tundu lililopanuka huruhusu shafti kucheza na maji kuingia kwa urahisi zaidi kuliko mwanzo. Vumbi la msasa huoshwa lote. Hatimaye shafti hupakwa grisi isiyoyeyushwa na maji, oringi mpya huwekwa, na gia hurudishwa kwa kufuata alama. Kaboni, meno ya gurudumu na sahani ya swichi hukaguliwa wakati huo huo, kwa kuwa kasha liko wazi na gharama ya kulifungua imekwisha kulipwa.

5.4 Kufunga na Kuhakiki

Mota hurudishwa na kuwashwa bila mkono, kisha huzimwa ili ifike yenyewe mahali pake pa kupumzikia. Ni baada ya hapo tu ndipo mkono unapowekwa kwenye alama ya utepe na nati kukazwa kwa kiasi. Mpira wa kuzuia maji uliopasuka hubadilishwa. Jaribio la mwisho hufanywa kioo kikiwa kimelowa, kwani mpira wa waipa kwenye kioo kikavu huongeza mzigo na kutoa picha isiyo sahihi ya nguvu ya mota.

6.0 Mjadala: Kukarabati au Kubadilisha

Njia mbili za mkato hutumika mara kwa mara badala ya utaratibu uliotangulia. Ya kwanza ni kupuliza mafuta ya kupenya kwenye ncha ya shafti bila kufungua kitu. Njia hii huweza kuirejesha waipa kwa muda, na manufaa hayo ya muda ndiyo yanayoipotosha tathmini yake. Mafuta hayo ni mepesi, huyeyusha grisi iliyobaki na hayaondoi unga wa ulikaji. Yakishakauka, shafti hubaki bila ulainishaji wowote na hukwama tena. Yanafaa kama hatua ya kuwezesha ufunguaji, wala si kama ukarabati.

Njia ya pili ni kununua mota nyingine iliyotumika kutoka kwenye maeneo ya spea kama Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala. Ununuzi huo ni wa lazima pale koili inapokuwa imeungua au meno ya gurudumu yamevunjika. Lakini ikiwa kilichoharibika ni shafti, mota inayonunuliwa imetoka katika gari la umri unaokaribiana, la muundo ule ule, na mara nyingi lililopita katika chumvi ile ile. Mnunuzi huijaribu kwa betri dukani, akaiona inazunguka na kuridhika, bila kujua ni kiasi gani cha unga kimekwisha kujengeka ndani ya ganda lake. Kwa hiyo hata mota inayonunuliwa inapaswa kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa grisi kabla ya kufungwa. Kazi hiyo ni ile ile ambayo ingefanywa kwa mota ya awali, na hapo ndipo uhalali wa ununuzi unapopaswa kuhojiwa.

Lipo pia suala la lugha ya gereji. Mafundi wana maneno yanayotenganisha hali hizi: "haina moto" kwa kukosa umeme, "imejam" kwa kukwama na "imeungua" kwa koili. Msamiati wa utambuzi upo tayari. Tatizo hujitokeza pale maneno hayo matatu yanapofunikwa na neno moja, "imekufa", linalomfikia mteja kama hukumu isiyo na rufaa. Mteja anayeambiwa mota imekufa hununua mota. Anayeambiwa imejam huweza kuuliza imejamia wapi, na swali hilo hulazimu kasha kufunguliwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kukwama kwa waipa ya nyuma kwa kiasi kikubwa ni tatizo la sehemu ndogo: nafasi nyembamba kati ya shafti ya chuma na ganda la alumini, ambamo maji, chumvi na kutotumika hukutana. Mota huonekana kuwa na kosa kwa sababu ndiyo inayonyamaza, lakini mara nyingi hunyamaza baada ya kuzuiwa. Aidha, imebainishwa kwamba vitendo vitatu vinavyoonekana kuwa vya kawaida, yaani kuulazimisha mkono kwa nguvu, kuiacha swichi ikiwa imewashwa na kuongeza ukubwa wa fyuzi, hugeuza hitilafu inayotibika kuwa hasara au hatari.

Inapendekezwa kwamba, kwanza, neno "imekufa" lisitolewe kabla volti haijapimwa kwenye plagi iliyounganishwa na kabla shafti haijajaribiwa ikiwa imetenganishwa na gia. Pili, wamiliki wa stesheni wagoni waiwashe waipa ya nyuma mara kwa mara wakati wa kiangazi, kioo kikiwa kimelowa, ili shafti isikae mahali pamoja kwa miezi. Tatu, mafunzo ya ufundi wa magari yanayotolewa kwa Kiswahili yautumie mtambo huu kama zoezi la awali la utambuzi, kwa kuwa ni mdogo, unapatikana kwa urahisi, na unakutanisha katika kasha moja umeme, mekanika na kemia ya metali.